Mzaliwa wa Kisarika

Hakuna aliyeruhusiwa kulala Kisarika. Zamani ulikuwa mji wa kulala tu, watu wakienda kazini jijini na kurudi jioni. Sasa viwanda na mabenki vilikuwa vimeujaza, ardhi ikawa ghali mno kuwekwa vitanda, na kila machweo king'ora kiliwatoa watu wote kwa treni.

Bi Siwatu aliachiwa nyumba yake kwa sharti kwamba mchana iwe karakana ya kushonea nguo, jioni ifungwe. Siku moja king'ora kilipolia, binti yake Chausiku alikuwa amelala sakafuni, uchungu umemshika.

Mlinzi wa mtaa, Lusekelo, alisimama mlangoni. "Mama, treni inaondoka."

"Na iende."

"Kuzalia humu ni marufuku, mama."

"Wewe kwenu wapi, mwanangu?"

"Tukuyu."

"Basi una kwenu. Huyu anayezaliwa naye anataka kwao. Niletee maji, au nipishe."

Lusekelo aliitazama kamera iliyokuwa juu ya mlango. Akavua kofia, akaenda kuchota maji.

Asubuhi wafanyakazi waliposhuka kwenye treni, waliona nepi zikipepea mbele ya mnara wa benki. Wanawake wa kiwanda cha nyaya waliingia kumpa mzazi hongera, wakampakata mtoto kwa zamu.

Lusekelo hakuonekana kazini. Jioni king'ora kililia, kikarudia, kikarudia tena. Ndani kwa Bi Siwatu, wanawake wa kiwanda cha nyaya walikuwa wanatandika mikeka.