Kinu Ndani ya Albamu

"Kinu chako kimetuharibia albamu, Bi Mize," Tunu alisema dirishani. "Mhakiki ameandika gazetini eti mabinti wawili wamejirekodia chumbani, jirani anatwanga mpaka kwenye nyimbo za mapenzi."

"Nyumba yangu, mchi wangu. Nyie ndio mliofungua dirisha."

Chumbani, Sabra, mwimbaji mwenzake Tunu, aliucheza tena wimbo mmoja wa albamu, kidole kikigonga meza sambamba na mchi uliosikika ndani yake.

"Mhakiki anataka tukifute kinu," alisema. "Mimi sifuti. Bila kinu wimbo umelala."

Tunu akasikiliza. Mabega yakaanza kumcheza.

"Basi hata jukwaani tunakwenda na Bi Mize na kinu chake," akasema.

"Na huyo mhakiki akija?" Bi Mize akauliza.

"Akae mbele, asikie vizuri."

Bi Mize akacheka, mchi mkononi. "Zungukeni mlangoni, wanangu. Kisamvu kimeiva, njooni tule."