Hereni Nyekundu, Hereni Nyeupe

Waruguru alikuwa amechuchumaa katikati ya zizi, akipasua kinyesi cha ng'ombe kwa kijiti na kutafuta rangi ya buluu.

"Daktari, umepoteza pete?" Kisemei aliuliza kutoka langoni.

"Naangalia minyoo, Baba Emmanuel."

Hakuwa daktari, na hakuwa akitafuta minyoo. Alikuwa mfanyakazi wa nyanjani wa mradi mdogo wenye ofisi mjini Kajiado. Kazi yake ilikuwa kujua kama unga fulani, ukichanganywa na chakula cha ng'ombe, unapunguza methani, ile gesi wanayoitoa mdomoni wakicheua na ambayo huzidisha joto la dunia. Unga huo aliupigania yeye mwenyewe. Alijifunza habari zake peke yake, ukurasa kwa ukurasa, kisha akaisumbua ofisi miaka miwili mpaka ikakubali jaribio moja.

Jaribio lilikuwa hapa, katika boma la Kisemei, nje kidogo ya Kitengela. Ng'ombe kumi wa zizi la mbele walivishwa hereni nyekundu, nao wangekula unga. Kumi wa zizi la nyuma walivishwa nyeupe, nao wasingekula, ili walinganishwe na wenzao. Siku ya kwanza Kisemei alikuna kidevu.

"Hao wa nyuma ni wa mama yangu," alisema. "Hawa wa mbele ndio Naeku anakamua."

"Vizuri zaidi," Waruguru alijibu huku akiandika. "Hawatachanganyika."

Kisemei alimtazama Naeku, mkewe. Naeku akatazama chini.

Sasa ilikuwa wiki ya tisa. Mara mbili kwa wiki Waruguru alikuja na pikipiki yake, akasimama mbele ya kila ng'ombe kwa dakika tano, kipimo cha leza kimeelekezwa puani, akaandika. Nyekundu na nyeupe walikuwa sawa. Akabadilisha betri. Sawa. Akabadilisha wakati wa kupima, akaazima kipimo kingine, akarudia hesabu zote tangu mwanzo. Sawa tu. Ni kweli gesi ilikuwa imeshuka karibu theluthi tangu walipoanza, lakini ilishuka kwa wote ishirini, na mvua zilianza wiki ile ile. Nyasi changa huweza kufanya hivyo.

Ofisini, mkubwa wake, Katee, hakuficha tena kicheko. "Waruguru, hiyo ni dawa ama ni unga wa ugali?" Alimpa mpaka leo saa nne. Tofauti isipoonekana, jaribio linafungwa, na mfadhili hatataka kusikia tena habari za unga huo.

Ilibaki sababu moja ambayo hakupenda kuifikiria, kwamba Kisemei alikuwa anaumwaga. Mikebe ya unga aliyowaachia ilikuwa mitupu kila alipokuja, lakini hilo halikumwambia unga ulikokwenda. Wala hakutaka kumshuku mtu bila kupima. Kwa hiyo, Jumatatu iliyopita, bila kumwambia yeyote, alichanganya ndani ya unga chembe za plastiki za buluu, ndogo kama punje za wimbi, ambazo hupita tumboni bila kumdhuru ng'ombe.

Rundo la kwanza lilikuwa na chembe za buluu. La pili pia. Alizunguka zizi lote la mbele, na hakukuta rundo ambalo halikuwa nazo.

Alibaki amechuchumaa, ameona aibu. Watu hawa hawakumwaga kitu. Na kama hawakumwaga kitu, basi unga wenyewe ndio bure.

Naeku alimletea chai kwenye kikombe cha bati. "Kunywa, dada. Umekaa kama mtu amefiwa."

"Mama Emmanuel, huu unga mmekuwa mkiwapa kila siku?"

"Asubuhi na jioni. Hakuna siku tumeruka."

Waruguru alikunywa chai yote, kwa sababu hakujua la kufanya na mikono yake. Kisha akampigia Katee.

"Funga," alisema. "Unga wameula vizuri. Haufanyi kazi."

"Uko na hakika?"

"Nimepasua kila rundo mwenyewe."

"Na ile gesi imeshuka kwa wote?"

"Ni nyasi, bosi. Ni mvua."

"Sawa. Barua ilikuwa tayari. Nimeituma kwa mfadhili sasa hivi. Pole, Waruguru. Najua ulijaribu."

Alikusanya vifaa vyake, akavifunga nyuma ya pikipiki. Mtu haondoki bomani bila kuaga wakubwa, kwa hiyo alizunguka nyuma kumuaga Kokoo, mama yake Kisemei.

Kokoo alikuwa anakandika ukuta wa nyumba yake, ambao mvua ilikuwa imeupasua. Ng'ombe wenye hereni nyeupe walimtazama juu ya ua wa miiba. Aliinama, akachota konzi mbili za samadi mbichi kutoka chini ya miguu yao, akarudi, akaipaka kwa kiganja na kuilainisha taratibu.

"Takwenya, Kokoo," Waruguru alimwamkia kwa Kimaasai.

"Iko." Mama mzee hakugeuka. "Umeongea na Naeku? Huyo mtoto amelelewa. Wakwe wengine wangelisha ng'ombe zao peke yao, za mama mkwe zikae zikiangalia."

Waruguru alikuwa anautazama ukuta. Kuanzia chini mpaka ukingo wa paa, samadi yote ilikuwa imejaa chembe za buluu.