Stendi ya Kwenda Balangida

Mfuko wa maharage ulikuwa ukining'inia chini ya stendi ya kamera, na Scolastica alikuwa amechuchumaa mbele yake, akisubiri upepo.

Upepo ulipopanda kutoka bondeni, mfuko uliyumba kidogo, lakini miguu mitatu ya stendi haikutikisika. Akauhamishia kwenye stendi ya pili. Hiyo ilitetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa.

"Jirani, siku hizi hata maharage yanapigwa picha?" Benedikta aliuliza kutoka upande wa pili wa ua.

"Stendi ziko kwenye usaili. Itakayotetemeka haipati kazi."

"Basi usimfanyie usaili mume wako!"

"Huyo nilishamwajiri zamani."

Benedikta akacheka, akashika njia ya shambani.

Scolastica alikuwa mpiga picha hapo Maretadu. Kazi hiyo alijifunza mwenyewe, kwa kuharibu picha nyingi na kuiuliza kila moja imeharibikia wapi. Yeye alikaa studio. Mumewe, Onesphory, alishuka kwa pikipiki hadi Gendabi, karibu na ziwa, kuwapiga picha wafugaji. Kila mwaka baada ya mavuno alirudi na picha moja yake mwenyewe, amesimama peke yake kwenye uwanda mweupe wa magadi wa Ziwa Balangida. Alisema anaweka kamera kwenye stendi, anaitegesha ijipige yenyewe, kisha anakimbia kwenda kusimama.

Picha hizo zilipangwa ukutani. Ya kwanza ilikuwa imepinda. Onesphory alilaumu upepo. Katika hiyo, mstari wa mbali ambapo ziwa linakutana na anga ulimkata kwenye mkanda wa suruali. Katika iliyofuata ulimkata juu ya kitovu. Katika ya mwisho ulikuwa umefika kifuani. Scolastica aliufahamu mstari huo: penye uwanda tambarare, pale unapomkata mtu ndipo ulipo urefu wa kamera.

"Kila mwaka unaipandisha stendi," alimwambia siku moja.

"Najifunza, mwalimu wangu."

"Na inakuchekesha nini? Nikikupiga mimi hapa unakaa kama uko polisi."

"Nakuwaza wewe."

Scolastica alitembea na jibu hilo wiki nzima, akitabasamu mbele ya wateja.

Mwaka huu alitaka na yeye awemo. Ukiacha za harusi, hawakuwa na picha hata moja ya wawili peke yao, maana kamera ilikuwa daima mkononi mwa mmoja wao. Jumamosi wangeshuka wote hadi ziwani. Ndiyo sababu aliazima stendi mbili kwa Hilda, mwenye duka la vifaa Mbulu mjini, moja ya aluminiamu na moja ya kaboni. Kesho Lukasi wa bodaboda angepita kuirudisha itakayokataliwa.

Onesphory alitoka ndani akifunga vifungo vya shati.

"Chukua hiyo nyepesi tu. Nitaibeba mwenyewe."

"Tutaibeba. Nakuja, au umesahau?"

"Njia ni mbaya, Scola. Vumbi, jua kali. Halafu na mgongo wako."

"Mgongo wangu umelima jana."

Onesphory aliangalia chini. "Tutaona," alisema, akaingia bandani kuwapa ng'ombe majani.

Scolastica alizitundika stendi kwenye mizani ya kupimia maharage, moja baada ya nyingine. Ya kaboni ndiyo iliyokuwa nyepesi, na ndiyo ambayo haikutikisika. Lakini nyepesi kuliko nini? Akaona haki ni kuipima na ile ya zamani, ambayo yeye mwenyewe alimnunulia Onesphory, iliyofungwa nyuma ya pikipiki kila safari ya Gendabi. Akautungua mfuko wake msumarini, nyuma ya mlango. Hakuwahi kuufungua, studio alikuwa na stendi yake ya chuma.

Alitarajia kukuta magadi. Buti za Onesphory hurudi kutoka ziwani zimeganda weupe, na yeye ndiye anayezisugua. Aliipindua stendi ili aikwangue miguu kwanza, kwa kuwa uchafu nao una uzito.

Raba za miguuni zilikuwa safi. Chini ya kila raba palikuwa na kikaratasi cha bluu cha dukani, kilekile alichokiona siku aliyoinunua. Vyote vilikuwa bado vimebandikwa, havijachubuka hata pembeni.

Alikaa nayo mapajani. Akatafuta sababu nyingine, kama alivyozoea. Labda alitandika kitu chini yake. Labda aliweka kamera juu ya jiwe. Akaingia ndani, akazitazama picha upya, kuanzia ya kwanza. Uwanda ulikuwa mtupu, hakuna jiwe wala kisiki. Mkandani. Kitovuni. Kifuani. Na yale macho ya Onesphory yanayocheka, mwaka wa kwanza yakitazama chini sana, mwaka jana chini kidogo tu.

Alirudi uani. Akairefusha stendi ya kaboni hadi usawa wa mkanda wake, akaipandisha kidogo, akaipandisha tena. Akasimama akiitazama.

Kisha akauchukua mfuko wa maharage. Akaurudisha ndani, akatoka na mfuko wa stendi ya zamani.

Onesphory alitoka bandani na ndoo. "Umeshachagua?"

"Bado. Nitamalizia kesho." Alikuwa akiirudisha stendi ya zamani kwenye mfuko wake, taratibu, raba zikiwa juu. "Onesphory, huyo mtoto anayekupiga picha kule, sasa yuko darasa la ngapi?"