Taa ya Nyumbani kwa Tweve

Ukungu wa Juni ukishaifunika Makete, umeme hukatwa, na kila nyumba huangazwa na furaha ya waliomo. Taa haidanganyiki: mkinuna, nayo inanuna.

Kwa Tweve ilikuwa imefifia kama kaa linalokufa. Yeye, bingwa wa mizaha, alishamjua mchawi wa taa hiyo: mkewe.

"Mama Eze, uso huo utatulaza gizani! Hebu tabasamu, hata la kuazima!"

Mkewe akaendelea kumenya viazi. Binti yao, Eze, akainamisha kichwa.

Tweve akatoka kuchukua kuni, akijichekea mwenyewe. Alipogeuka, kuni zikamponyoka. Dirisha lake lilikuwa linawaka kama ukumbi wa harusi, mwanga ukimwagika hadi bustani ya jirani. Kumeingia wageni? Akachungulia. Ni mkewe na Eze tu, na viazi vyao.

Akasukuma mlango, akatia mguu mmoja ndani. Taa ikafifia. Akaurudisha nje. Ikawaka.

 

"Ingia tu, Baba Eze, utapigwa na baridi," mkewe akasema kwa upole. "Kila ukungu ukija, wewe huwa hivi. Kiza chako tumeshakizoea."