Nungunungu Apamba Mti wa Krismasi

Nungunungu alijiita fundi, na aliyemwita hivyo ni yeye peke yake. Asubuhi ya Krismasi wajukuu walimletea maua makavu, mbegu na kashata ili wapambe naye mti.

"Babu, nami nitundike moja?"

"Ng'o! Kutundika ni kazi ya fundi. Nyie shikeni kamba."

Alipomaliza akaugeuzia mti mgongo ili ajisifu, akateleza, akauangukia kinyumenyume. Mti ukavunjika, mapambo yote yakachomeka kwenye miiba yake. Wajukuu wakaangua kilio, maana wageni walishafika mlangoni.

Ghafla mdogo wao akafuta machozi. "Babu, usitikisike! Umependeza kuliko mti."

Wakamsimamisha ndani ya debe la mchanga. Wageni wakashangilia, wakachuma kashata mgongoni mwake.

"Miaka yote nahangaika na ufundi," Nungunungu akanong'ona, "kumbe kipaji changu ni kusimama na kunyamaza."