Tazama Kulia Kwanza

Mkosaji alikuwa amepiga magoti mbele ya nyumba tangu alfajiri, amejifunika mkeka wa heshima gubigubi kama ilivyo desturi ya huko, akingoja kusamehewa. Tuiloma hakuwa na haja naye hata kidogo.

"Mwache aive," alisema, mguu wake wenye plasta ukiwa juu ya mto. "Ninayemtaka mimi ni mke wangu. Yuko wapi?"

Dada yake, Sieni, aliendelea kumpepea.

"Siku mbili niko hospitali, hajatia mguu! Yule mwanamke kaniuza, Sieni."

Alikuwa na uchungu, na haki alikuwa nayo. Serikali ya Samoa ilipotangaza kwamba magari yaache kupita kulia, sasa yapite kushoto, Tuiloma aliapa hatavuka tena barabara, hata kama magimbi yake yangeozea shambani upande wa pili. Mkewe, Fuatino, ndiye aliyembembeleza. Alimfunga utepe mwekundu mkono wa kulia: tazama huku kwanza, mume wangu, nakuapia hutaguswa. Akawafunga watu wa kijiji kizima. Siku yenyewe ilipofika, akapakia tepe zake kwenye pikapu ya kanisa, akaiendesha kwenda kufundisha vijiji vingine.

"Nikatazama kulia," Tuiloma alisema kwa mara ya kumi. "Nikatazama weee! Gari likanizoa kutoka kushoto, hata dereva sikumwona. Kwangu mimi, aliyenivunja mguu huu ni Fuatino na masomo yake ya uongo."

Sieni akaacha kupepea.

"Alikufundisha sawa, kaka. Dereva ndiye aliyejisahau, akapita upande wa zamani."

"Basi dereva namsamehe! Sote tulizoea kulia, mkono unajiendea wenyewe. Lakini Fuatino? Aliniapia, halafu nilipoumia akanikimbia. Huyo simsamehe ng'o!"

"Dereva umemsamehe kweli, kaka? Kutoka moyoni?"

"Lo! Nikuambie mara ngapi? Nimemsamehe. Nenda kamtoe mkeka kabla jua halijamuua, kisha nenda ukanitafutie mke wangu."

Sieni akashuka uani, akaushika mkeka kwa mikono miwili, akaufunua.

Fuatino akainua uso uliolowa jasho na machozi. Utepe wake mwekundu ulikuwa bado umefungwa mkono wa kulia.