Nani Humwaga Taka Nyuma ya Gredi ya Nane

Wallahi haya ni kweli tupu, sikutia chumvi hata ya kuungia mchicha. Aliyenihadithia namwamini kuliko redio. Tangu astaafu hajapata kusema uongo, na ya kabla ya hapo tusiyachimbe.

Asubuhi moja Mbodze alilipiga teke lundo la taka mpaka ganda la muwa likamrukia mwalimu wa zamu kifuani. Wala hakuomba radhi.

"Jana jioni hapa palikuwa peupe!" alifoka. "Ungemwaga pilau mchangani ukala! Nani huyu? Nani?"

Wavulana wa gredi ya saba walicheka kando ya bomba. "Malkia wa Jaa!" mmoja akaita, akakimbia kabla fagio halijamfikia.

Shule yenyewe iko nje kidogo ya Majoreni. Muhula ulipoanza wanafunzi walisimama paredi wakasema usafi ni jukumu lao, hawataki kusukumwa na mtu. Mbodze wa gredi ya nane akavishwa beji ya kiongozi wa usafi. Nyumbani kwao Jego, bibi yake aliitangaza beji ile hadi msibani.

Na kweli walifagia. Mchanga ulipigwa fagio la chelewa ukabaki na mistari kama nywele zilizochanwa. Lakini kila kukicha, nyuma ya gredi ya nane, kando ya ua wa minyaa, lundo lilikuwa pale: vipande vya chaki, vifuniko vya kalamu, maganda ya miwa, pakiti za juisi.

Mwalimu mkuu alikuwa amechoka. "Ijumaa nikikuta taka hapo tena," alimwambia Mbodze, "utaivua hiyo beji mbele ya paredi."

"Ni watu wa kijijini," Mbodze akasema alipotoka ofisini. "Wanatuonea kijicho!"

"Zii, si sisi, manze," akadakia Lennox, kijana aliyehamia kutoka bara, mkubwa wa zamu ya jioni. "Zamu yangu humaliza kwanza kila siku. Hata lile shimo la taka hatujalitia kitu tangu shule ifunguliwe."

Mbodze akalitazama shimo. Lilikuwa tupu, nyasi zimeanza kuota ndani. Akaona fahari kwamba shule yao haina hata taka za kutupa, kisha hasira ikamrudia maradufu.

Akaenda kumwuliza jirani. Ng'ambo ya minyaa aliishi Mzee Mwero, mstaafu wa jikoni katika hoteli moja ya Diani.

"Nimemwona," mzee akanong'ona. "Ni jini la mikokoni. Lavaa viatu vya mpira, vyote vya mguu wa kushoto. Lachukia fagio, maana zamani lilifagiliwa mkia ukakatika."

"Babu! Mimi navuliwa beji Ijumaa, wewe waniletea majini?"

"Haya, nibishie. Likikukalia shingoni usije kwangu."

Ijumaa, kabla jua halijatoka, Mbodze na Lennox walijibanza darasani, macho dirishani. Baada ya sala ya alfajiri minyaa ikatikisika. Likatangulia beseni, kikafuata kichwa. Alikuwa Mzee Mwero. Akasimama, akatazama huku na huku, akabwaga taka.

Mbodze akatoka mbio, fagio mkononi, machozi ya ghadhabu yakimtoka.

"Shikamoo!" alifoka, maana adabu haingoji hasira iishe.

"Marahaba," mzee akajibu, beseni bado limeinama.

"Kumbe jini ni wewe! Huoni haya, mtu mzima, kutuchafulia shule?"

Hapo mzee naye akawaka. "Haya? Nione haya mimi?" Akaokota chaki, akamwonyesha. "Hii ya nani? Mimi kwangu nasomesha mbuzi? Kila jioni mwazisukuma taka chini ya minyaa zinaangukia uani kwangu! Nami nawarudishia. Amana haitupwi!"

Mbodze akageuka taratibu. "Lennox."

Lennox alikuwa akitazama viatu vyake. "Mwalimu alisema shule inaishia kwenye ua," akasema kwa sauti ndogo. "Tulifagia mpaka inapoishia."

"Ukanivimbia kichwa kwamba wamaliza kwanza!"

"Si ulitusifu?"

Angempiga. Mkono ulikwisha panda. Akaushusha, akachutama, akaanza kulichakura lundo kwa mpini wa fagio, kila neno likimtoka kama mate machungu.

"Chaki yetu. Kalamu zetu. Miwa yetu." Mzee Mwero alikuwa akitikisa kichwa kwa kila moja, kama kadhi aliyeshinda kesi yake mwenyewe. "Juisi yetu." Kisha mpini ukasimama.

"Na hii ngozi ya pweza? Sisi shuleni twala pweza?"

Mzee akakohoa.

"Na hizi tambuu zilizotafunwa?" Akachakura zaidi. "Na hizi pakiti za piko ya kupaka ndevu nyeusi, babu, ni za gredi ya ngapi?"

Mzee akafungua kinywa kuita jini jingine. Halikuja.

"Lennox, koleo," Mbodze akaamuru. "Zote shimoni, kabla ya kengele. Na wewe, babu, shika fagio. Usinitazame hivyo. Shika!"

Mwalimu mkuu alipopita kwenda paredi, nyuma ya gredi ya nane palikuwa peupe na beji ya Mbodze ingali kifuani. Mimi sikuiona paredi yenyewe. Nilikuwa ndani ya shimo, nakanyagia taka zishuke, na piko ya ndevu zangu ilikuwa inanichuruzika kwa jasho kutoka kidevuni mpaka kwenye kanzu.